Theluji ya Mashine na Bili ya Novemba

Wasomaji, niwieni radhi kwa kimya cha majuma kadhaa. Sikupotea. Nilikuwa nikipigana na jokofu la makaa.

Kwa asiyelijua, ni kibanda kidogo chenye kuta mbili za waya wa kuku. Katikati ya kuta hizo kumejazwa makaa, na juu pamepitishwa bomba lenye vitundu linalodondosha maji. Makaa yanalowa, upepo wetu wa Machakos unapita, ndani panapoa. Halitumii stima hata kidogo. Mama mmoja wa upande wa Yatta analo, na humo huweka maharagwe machanga ya kuuza ng'ambo, yale ambayo wengi wetu huyaita mishiri, yakisubiri gari la mnunuzi. Ombi lake kwangu lilikuwa dogo: simu imwambie afungue maji saa ngapi na afunge saa ngapi, kwa sababu maji yenyewe ananunua.

Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Unachukua joto la hewa, unachukua unyevu wake, unatafuta maji yanaweza kuipoza hewa hiyo hadi digrii ngapi. Kuna fomula nzuri ya Roland Stull, iliyochapishwa mwaka 2011, ambayo unaiandika kwa mistari mitano tu ya programu. Lakini nilipoanza kutafuta watu wengine wanaoitumia hesabu hii kila siku, kurasa nyingi nilizozipata hazikuwa za wakulima. Zilikuwa za vituo vya kuteleza kwenye theluji: Austria, Colorado, Vermont. Huko kuna watu wanaoamka saa nane za usiku mwezi wa Novemba kuangalia tarakimu ileile niliyokuwa nikimtafutia mama wa Yatta, ili wajue kama wanaweza kuwasha mashine za kutengeneza theluji.

Basi nikaiweka kazi kando (samahani, mama) nikasoma kwa wiki mbili.

Tuanze na tarakimu yenyewe, maana bila hiyo historia yote haieleweki. Ukikumbuka jiografia ya sekondari, kile kisanduku cheupe cha hali ya hewa kilichosimama uwanjani kilikuwa na vipimajoto viwili. Kimoja kikavu. Cha pili kilifungwa kitambaa kwenye balbu yake, na kitambaa hicho kililowa maji muda wote. Cha pili kilisoma chini ya cha kwanza, kwa sababu maji yanapovukizwa huondoka na joto. Ndiyo sababu mtungi wa nyanya yako hupoza maji. Siku ambayo hewa ni kavu tofauti ni kubwa, siku ya mawingu mazito tofauti karibu haipo. Nitaita usomaji wa kile cha pili "joto la kitambaa". Adhuhuri ya Machakos yenye digrii 27 na unyevu wa asilimia 40, joto la kitambaa ni kama 18. Jokofu la makaa haliwezi kushuka chini ya hapo, hata ulimwagie bahari.

Mashine ya theluji ni mtungi huohuo, ila umewekwa mahali penye baridi. Unarusha matone madogo sana hewani, sehemu ndogo inavukizwa, na ile inayobaki inaganda kabla haijafika chini. Kuvukiza kilo moja ya maji huondoa joto linalotosha kugandisha kilo saba hivi za maji yaliyokwisha kupoa, na hapo ndipo penye ujanja wote. Kinachoamua ni joto la kitambaa, wala si joto la hewa. Kwa kawaida mashine huanza kazi likishuka hadi kama digrii 2.5 chini ya sifuri.

Nilitia tarakimu kwenye programu yangu nikashangaa. Hewa ikiwa digrii 1 juu ya sifuri lakini kavu, unyevu asilimia 30, joto la kitambaa ni digrii 3.5 chini ya sifuri: unatengeneza theluji. Hewa ikiwa digrii 1 chini ya sifuri lakini yenye ukungu, unyevu asilimia 95, joto la kitambaa ni kama digrii 1.5 tu chini ya sifuri: unapata tope la barafu. Kwa hiyo inawezekana kutengeneza theluji huku dimbwi lililo kando yako halijaganda.

Sasa historia. Majira ya baridi ya 1949 kuelekea 1950, kaskazini mashariki mwa Marekani hakukuanguka theluji ya maana. Huko Connecticut, mwenye kituo cha Mohawk Mountain, Walt Schoenknecht, alifanya jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa hapa angelielewa: alinunua mamia ya tani za barafu ya kiwandani, akazileta kwa malori, akazisaga na kuzimwaga mlimani. Watu waliteleza. Lakini gharama za kubeba barafu kwa lori hazihitaji nikufanyie hesabu.

Katika jimbo hilohilo, mjini Milford, kulikuwa na karakana iliyoitwa Tey Manufacturing, ya Wayne Pierce, Art Hunt na Dave Richey. Hawa walitengeneza mbao za kutelezea za chuma chepesi, na theluji ilipokosekana hakuna aliyenunua. Machi 1950 Pierce alikuja na wazo: tone la maji likipulizwa kwenye hewa yenye baridi litaganda. Wakachukua kompresa, mpira wa kumwagilia bustani, na mdomo wa mashine ya kupulizia rangi. Usiku mmoja wa majaribio, wakapata rundo la theluji. Napenda sana sehemu hii. Hakukuwa na maabara wala ruzuku, bali karakana iliyokuwa karibu kufilisika na vifaa vilivyokuwa tayari ukutani. Mwaka 1952 hoteli ya Grossinger's, katika milima ya Catskill jimboni New York, ikawa ya kwanza kuitumia theluji ya namna hiyo kwa wageni wake.

Tey waliomba hataza na wakaipata mwaka 1954, na baadaye wakaiuza kwa kampuni kubwa zaidi. Hapa wasomaji waandishi wa programu watatabasamu, maana tunaijua hadithi hii. Kulikuwa na ndugu wawili wa ukoo wa Tropeano, Massachusetts, ambao biashara yao ilikuwa mabomba ya kunyunyizia mashamba maji. Ndiyo, wauzaji wa vifaa vya umwagiliaji. Nao wakaingia kwenye theluji, kwa kuwa bomba ni bomba na pampu ni pampu. Ukazuka ugomvi wa hataza. Katika kuchimbua makaratasi ikapatikana kazi ya mtafiti wa Kanada, Ray Ringer, wa miaka ya 1940. Yeye alikuwa akichunguza jinsi barafu inavyoziba injini za ndege, hivyo alinyunyiza maji ndani ya handaki la upepo lenye baridi kali, na kila mara handaki lilimjalia theluji asiyoitaka. Aliieleza kwenye ripoti yake akaendelea na injini. Hataza haikuweza kusimama mbele ya ripoti ile. Mlango ukafunguka kwa kila mwenye kompresa.

Mashine za mwanzo zilitumia hewa iliyoshindiliwa, na kushindilia hewa ndiko kulikokula dizeli na stima. Mwaka 1961 Alden Hanson alipata hataza ya njia nyingine: feni kubwa inayorusha matone mbali bila kompresa kubwa. Hizo ndizo zile duara kama pipa lililolala ambazo pengine umeziona kwenye televisheni. Wenyewe huziita mizinga. (Kwetu Ukambani mzinga ni wa nyuki, nami nilipoisoma mara ya kwanza nilipata picha mbaya sana ya asali iliyoganda.) Mwaka 1975 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Steve Lindow, aligundua kwamba bakteria fulani wanaoishi kwenye majani, Pseudomonas syringae, husaidia maji kuganda kwenye joto la juu kidogo kuliko kawaida, kwa sababu ngozi yao huyapa maji mahali pa kushikia. Yeye alikuwa akitafuta kwa nini mimea inaungua na jalidi. Wafanyabiashara wakaona theluji. Bakteria hao, wakiwa wameuawa na kukaushwa, wakauzwa kama unga wa kuchanganya kwenye maji ya mashine.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1980, Lake Placid, ilikuwa ya kwanza kutumia theluji ya mashine. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 milima ya Alpi ilipata misimu kadhaa mfululizo yenye theluji haba, na vituo vilivyokuwa vikicheka Wamarekani vikaanza kutandika mabomba. Mashindano ya Beijing ya 2022 yalifanyika karibu yote juu ya theluji ya mashine. Leo Italia ina mizinga kwenye takriban asilimia 90 ya miteremko yake ya kuteleza, Austria kama 70, Uswisi zaidi ya nusu.

Haya, tuje kwenye bili.

Chukua hekta moja ya mteremko, uiwekee theluji ya kina cha sentimita 30. Hiyo ni mita za ujazo 3,000 za theluji. Theluji ya mashine ni nzito kuliko ile ya mbinguni; mita moja ya ujazo ina kilo kati ya 400 na 500. Tuseme 450. Hekta yako imekunywa lita 1,350,000. Kwa lugha ya Machakos: mabauza 135 ya lita 10,000 kila moja. Na mteremko wa kawaida si hekta moja. Njia ya urefu wa kilomita moja na upana wa mita 40 ni hekta nne, yaani mabauza 540, kwa kutandika mara moja tu. Wewe unayeishi mtaa ambao mfereji hutoka siku mbili kwa wiki, jua kwamba na mimi nilisimama hapo nikanywa maji.

Stima hutegemea mashine na baridi. Huanzia uniti 1 hivi kwa mita moja ya ujazo ya theluji mambo yakiwa mazuri, na hupita 5 yakiwa mabaya. Tukichukua 3, hekta moja ni uniti 9,000. Tangu 2023 kundi la chini kabisa la bei ya stima hapa Kenya ni la nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi. Nyumba kama hiyo ingetumia uniti 9,000 kwa miaka 25. Ukijumlisha mashine, mabomba, watu na stima, makadirio yanayotajwa sana Ulaya ni euro 3 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo, yaani euro 9,000 hadi 15,000 kwa hekta yetu moja.

Lakini nataka uone kitu ambacho hesabu hiyo ya wastani inakificha, nacho ndicho kilichonifanya niandike. Theluji haina bei moja. Mashine ileile, likiwa joto la kitambaa ni digrii 10 chini ya sifuri, hutoa theluji mara kadhaa zaidi ya ile inayotoa likiwa digrii 3 chini ya sifuri, na feni inakula karibu stima ileile. Tena kuna maji yanayopotea njiani, yasiyofika ardhini kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Davos, Uswisi, walichapisha vipimo vyao: kwa mashine za feni hasara ilikuwa kuanzia asilimia 7 hadi 35, na ilipanda kadiri hewa ilivyokaribia sifuri. Kwa hiyo mita moja ya theluji ya Januari ni rahisi, na mita moja ya theluji ya Novemba ni ghali kwa stima, ghali kwa maji, na kuna uwezekano mkubwa itayeyuka wiki ijayo ukaitengeneze upya.

Ungedhani basi mwenye akili angesubiri Januari. Hawasubiri, na mizinga hupiga kwa nguvu zote Novemba. Sababu ni kwamba mgeni haji kununua theluji. Anakuja kununua tarehe. Wiki mbili za Krismasi na Mwaka Mpya huleta sehemu kubwa ya mapato ya msimu mzima, na familia hupanga safari miezi kabla, ikiwa na hakika kwamba mlima utakuwa mweupe. Huko Colorado vituo vya Loveland na Arapahoe Basin hushindana kila Oktoba ni nani atakayefungua kwanza. Ukitazama picha zao za siku ya kwanza utaona mlima wa kahawia na mshipi mmoja mwembamba mweupe katikati, na mamia ya watu wamejipanga wauteremke. Kituo cha Killington, Vermont, kuanzia 2016 kilipewa mashindano ya Kombe la Dunia ya wanawake mwishoni mwa Novemba, tarehe ambayo mbingu pekee haziwezi kuiahidi.

Sisi tusiwacheke. Huku mvua tunayoitegemea zaidi ni hii ya vuli, na mkulima yeyote wa Mwala au Masinga anajua kupanda kavu: unatia mbegu kwenye vumbi Oktoba, kabla ya tone la kwanza, ukitaka mahindi yawahi kila siku ya mvua. Ikichelewa, mbegu imeliwa na ndege na kuku wa jirani. Hiyo pia ni kulipia tarehe. Na mishiri ya mama wa Yatta ni hivyohivyo. Soko lake zuri ni miezi ambayo mashamba ya Ulaya yamelala chini ya baridi. Maji yake yanatoka kwenye mfereji wa Yatta, unaoleta maji ya mto Thika, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya wafungwa wa enzi ya Hali ya Hatari, na mfereji ukipungua ananunua bauza. Kwa hiyo wiki zilezile za Novemba, huku maji yanasukumwa ili mtu wa Ulaya ale maharagwe mabichi wakati wa baridi, na kule maji yanasukumwa ili baridi yenyewe ifike mapema. Huenda ni mtu mmoja anayelipia vyote viwili.

Tofauti iko kwenye swali la nani anabaki bila. Milimani mito hupungua sana wakati wa baridi, kwa kuwa maji mengi yamelala juu yakiwa yameganda. Ukichota Desemba unachota mto ukiwa dhaifu. Dawa iliyopatikana ni mabwawa: chimba bwawa juu mlimani, lijaze mapema, litumie Novemba. Na bwawa lina ugomvi wake, kama tunavyojua. Kijiji cha La Clusaz, Ufaransa, kilitaka kujenga bwawa la mita za ujazo 148,000 juu ya uwanda wa Beauregard, sehemu kubwa yake kwa ajili ya theluji na sehemu kwa maji ya kunywa. Watu walikwenda wakaishi msituni, juu ya miti, kuzuia miti isikatwe. Septemba 2022 serikali ya mkoa ilitoa kibali. Mwezi uliofuata mahakama ya Grenoble ikakisimamisha.

Ugomvi mzito zaidi niliousoma ulikuwa wa Arizona. Kuna kituo kiitwacho Arizona Snowbowl kwenye milima ya San Francisco Peaks. Jangwa ni jangwa. Maji ya mto hayapo. Wakapanga kutumia maji taka yaliyosafishwa kutoka mji wa Flagstaff. Milima hiyo ni mitakatifu kwa Wanavajo, Wahopi na mataifa mengine kadhaa ya wenyeji. Huko huchumwa dawa, huko huombwa mvua. Mkamba anayejua ithembo ni nini, mahali ambapo hukati hata kijiti, ataelewa bila kuelezwa zaidi walivyosikia waliposikia ni maji gani yatanyunyiziwa pale juu. Walikwenda mahakamani kuanzia 2005. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikawaamulia vibaya, mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi, na mwishoni mwa 2012 mizinga ikaanza kurusha. Kwenye mizani ya hesabu za maji mradi ule ni mzuri kabisa: maji yaliyokwisha tumika yanatumika tena. Mimi mpenda mizani nilikwama hapo kwa siku nzima. Kuna gharama ambayo haina safu yake kwenye jedwali, na kuiandikia sifuri ni kusema uongo.

Na kuna njia ya Ghuba, ambako wengi wa ndugu zetu wanafanya kazi. Ski Dubai ilifunguliwa 2005 ndani ya jengo la maduka, mita za mraba 22,500 za baridi. Mchana ukumbi hukaa digrii moja au mbili chini ya sifuri. Usiku huteremshwa zaidi ndipo theluji mpya itengenezwe. Mwaka huohuo, hapa kwenye barabara ya Mombasa unayoipita ukitoka Machakos kuingia Nairobi, hoteli ya Panari ilifungua uwanja wa kuteleza kwenye barafu, wa kwanza Afrika Mashariki. Kiufundi huu ni ulimwengu mwingine. Mlimani hewa ya baridi inachukua joto la maji bure, wewe unalipia pampu na feni. Ndani ya jengo hakuna cha bure: kila tone linapoganda, joto lake lazima libebwe na mtambo wa stima, likamwagwe nje kwenye jua la Dubai.

Mtaniuliza, Mkamba na theluji wapi na wapi? Naam. Theluji ya Mlima Kenya iliingia kwenye vitabu vya Ulaya kupitia Ukambani. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Krapf aliuona mlima ule akiwa Kitui, alikokwenda kwa mfanyabiashara mkuu Kivoi, na jina alilolichukua ni kama Wakamba walivyolitamka. Wasomi wa London wakabisha kwamba theluji haiwezi kukaa kwenye ikweta. Leo ukipanda Kilimambogo asubuhi isiyo na mawingu unaweza kuuona mlima huo, lakini barafu yake kubwa kuliko zote, Lewis, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Na kuna Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za kati ambaye hakuwa amewahi kukanyaga theluji hadi kampuni ya viatu ilipompeleka Ufini kujifunza mwaka 1996. Kule Nagano, Ujapani, mwaka 1998, alimaliza kilomita 10 akiwa wa 92, wa mwisho, na mshindi Bjørn Dæhlie wa Norwei alikuwa bado anamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Mtoto wake Boit akampa jina la Dæhlie.

Nirudi Yatta. Programu imekwisha na inafanya kazi. Kwa muhtasari: saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni hewa inakauka na maji yana faida, usiku unyevu unapanda, joto la kitambaa linakaribia joto la hewa, na kila tone linalodondoka ni pesa zinazodondoka. Nilipompelekea mama nilimweleza na habari za mizinga. Alisikiliza akichambua maharagwe.

"Na ikiyeyuka, hayo maji yanarudi?"

Nikamwambia mengi yanarudi, mwezi wa nne na wa tano, yanashuka mtoni. Yasiyorudi ni yale yaliyovukizwa.

"Kumbe wana bahati. Yangu yote yanakwenda hewani, kijana wangu."

Nikaanza kumjibu kwamba ndiyo, kinachopoza ni kile kinachokwenda hewani, kisha nikaangalia chini ya ukuta wa makaa. Kulikuwa na kidimbwi. Maji yale hayakuwa yamevukizwa, wala hayakuwa yamepoza kitu. Yalikuwa yamepita tu. Siku mbili nilikuwa nimekaa na fomula na sikuwa nimeinama kutazama. Tumeweka kipande cha mfereji wa bati chini ya kila ukuta na ndoo kwenye kona, na maji ya ndoo yanarudi kwenye tangi la juu.

Bado kuna hitilafu moja. Fomula ya Stull imekadiriwa kwa shinikizo la hewa la usawa wa bahari, na sisi hapa Machakos tuko kama mita 1,600 juu. Tofauti si kubwa, lakini nikishairekebisha nitaiweka programu hapa muipakue. Mwenye kihisi cha unyevu kinachostahimili vumbi la makaa aniandikie, changu kimekufa tayari.